Risasi, Kalibu na Mtutu: Historia ya Bunduki za Kushindilia

Gobori hushindiliwa kwa mdomo. Baruti humiminwa kwanza, risasi hufuata, kisha mdeki husukuma vyote mpaka chini kabisa ya mtutu. Kwa hiyo risasi hupita njia moja mara mbili: mara ya kwanza ikishuka kwa nguvu ya mkono, mara ya pili ikitoka kwa nguvu ya moto. Ikishuka inatakiwa iwe nyembamba, isimchoshe wala kumchelewesha anayeshindilia. Ikitoka inatakiwa iujaze mtutu, moto usipenye pembeni ukapotea bure. Masharti haya mawili yanapingana. Kwa karibu miaka 350, tangu mafundi wa Ulaya walipoanza kuchonga mifereji ndani ya mitutu hadi majeshi yalipoacha kushindilia kwa mdomo, kazi kubwa ya watengenezaji wa bunduki ilikuwa kutafuta risasi itakayoyatimiza yote mawili.

Kiswahili kilizipokea bunduki hizi na kuzipa msamiati kamili. Ya mrao iliwashwa kwa utambi, ya gumegume kwa cheche za jiwe, ya fataki kwa kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Shura, kiberiti na makaa vilitajwa kwa majina yake, na mdeki ukapata jina lake. Neno risasi likabeba maana mbili, ya madini na ya kitu kinachosubiwa kwa madini hayo, kana kwamba haikuwezekana kufikiria kingine cha kutumia. Lipo pia neno kalibu, chombo ambamo risasi iliyoyeyuka humiminwa ipate umbo. Wataalamu wengi wa lugha wanaliona neno la Kiarabu lililokipa Kiswahili kalibu kuwa ndilo lililozipa lugha za Ulaya neno la kutaja kipenyo cha mtutu. Ikiwa ndivyo, basi ukubwa wa bunduki ulipata jina lake kutoka kwenye chombo cha kusubia risasi, na katika gobori huo ndio ukweli wa kazi yenyewe: mtutu na kalibu havitenganishwi.

Adui wa kwanza wa mtutu ni baruti inayotumika ndani yake. Baruti nyeusi ya kawaida ni mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa sehemu 15 na kiberiti sehemu 10. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Hubaki kama chembe ngumu, nyingine zikitoka na moshi mzito mweupe, nyingine zikiganda ukutani mwa mtutu. Baada ya mlio mmoja tu, njia ya risasi imepungua. Baada ya milio 5 au 6 bila kufuta, risasi iliyoshuka kwa wepesi asubuhi hugoma katikati ya safari, na mwenye bunduki huachwa na silaha iliyoziba. Tena mabaki hayo yana chumvi zinazovuta unyevu wa hewa. Yakilazwa usiku mmoja ndani ya chuma, hasa mahali penye joto na unyevu, asubuhi hukutwa yameloa na kutu imeshaanza. Yeyote anayechagua risasi ya gobori anachagua pia namna ya kuishi na masizi.

Huenda hata mifereji ya kwanza ilichongwa kwa ajili hiyo. Mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, katika miji ya Kijerumani, mafundi walikuwa wakichonga mifereji ndani ya mitutu, na baadhi ya mitutu ya kale ina mifereji iliyonyooka, isiyoweza kuizungusha risasi hata kidogo. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba ilikuwa mahali pa masizi kujikusanya. Mifereji iliyopinda kama mkunjo wa kamba ndiyo iliyoleta mageuzi. Risasi inayoshikwa na matuta yaliyo kati ya mifereji hiyo hutoka ikizunguka, na kitu kinachozunguka hakipepesuki ovyo. Mtoto anayecheza pia anaijua kanuni hii bila kufundishwa: pia husimama wima maadamu inazunguka, na mzunguko ukiisha huanguka.

Wawindaji wa misitu ya Ujerumani walikuwa wa kwanza kufaidika kwa wingi. Bunduki zao zilikuwa fupi, nene, zenye matundu ya kiasi cha milimita 15 hadi 18, na zilipigwa kwa utulivu, si kwa haraka. Mafundi kutoka nchi hizo walipohamia Pennsylvania katika karne ya 18 walikutana na mahitaji mengine. Mwindaji wa huko alikaa porini wiki nyingi na kubeba risasi yake yote mgongoni. Taratibu mtutu ukarefuka hadi kupita mita 1, na tundu likapungua kufikia milimita 10 hadi 13. Risasi ndogo zaidi ilimaanisha mapigo mengi zaidi kwa kila kilo ya madini iliyobebwa.

Suluhisho lao la masharti mawili lilikuwa kiraka. Risasi ya mviringo ilisubiwa ikiwa ndogo kuliko tundu la mtutu, kisha ikazungushiwa kipande cha kitani au pamba kilichopakwa mafuta. Kitambaa ndicho kilichojaza mifereji, kikakamata matuta na kuizungusha risasi bila madini kugusa chuma. Kiliposhuka kilifuta masizi ya pigo lililotangulia. Kilipotoka kiliungua kidogo na kuanguka hatua chache mbele ya mdomo. Vipimo vinavyotumika hata leo vinafuata desturi hiyo: mtutu wa milimita 12.7 huenda na risasi ya milimita 12.45 na kiraka cha unene wa milimita 0.38 hivi. Ukizidisha unene, mdeki unavunjika. Ukipunguza, moto unakitoboa kitambaa na risasi inakwenda inakotaka. Wenye uzoefu huokota viraka vyao chini na kuvisoma. Kiraka kizima chenye duara jeusi katikati na kingo zilizochanua ni habari njema. Kilichochanika kwa mistari iliyonyooka kinasema kuwa matuta yana makali au mdomo wa mtutu una kovu. Kilichoungua kikatoboka katikati kinasema kuwa ni chembamba mno, au hakikupata mafuta ya kutosha.

Kila bunduki ya namna hii ilitoka kwa fundi ikiwa na kalibu yake. Hapakuwa na vipimo vya jumla. Mafundi wa lugha ya Kiingereza walihesabu ukubwa wa tundu kwa idadi ya risasi za mviringo zinazopatikana katika ratili moja ya madini, na hesabu hiyo bado imo katika majina ya bunduki za marisaa. Bunduki ya 4, kwa mfano, ni ile ambayo risasi yake ina uzito wa robo ratili, yaani gramu 113. Za aina hiyo, zisizo na mifereji na za kushindilia, ndizo alizotumia Frederick Selous kuwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870, baruti akiichota kwa mkono kutoka kwenye mfuko wa ngozi. Ndiye Selous aliyeuawa vitani karibu na Beho Beho, bonde la Rufiji, Januari 1917, na jina lake likapewa mbuga kubwa ya wanyama ya huko.

Kusubu risasi ni kazi inayostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa makosa mengi ya shabaha huanzia chunguni. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za sentigredi, na yakiwa safi ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha. Kwa risasi ya kiraka, na zaidi kwa risasi inayotakiwa kutanuka, usafi huo ni wa lazima: bati au antimoni kidogo tu huyafanya kuwa magumu, na risasi ngumu haitii matuta. Wawindaji wa wanyama wakubwa waliongeza bati kwa makusudi, ili risasi isibonyee ikigonga mfupa wa tembo. Kipande cha nta hutupwa kwenye chungu na kukorogwa; moshi hupanda, takataka za kijivu huelea juu na kuenguliwa. Kalibu hupashwa moto kwanza. Risasi chache za mwanzo hutoka na mikunjo kama ngozi ya embe lililonyauka, dalili kuwa kalibu bado ni baridi. Hizo hurudishwa chunguni. Zikianza kutoka na rangi ya ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, joto limezidi. Nzuri hung'aa, haina tundu la hewa ndani, na ikiwekwa kwenye mizani haitofautiani na mwenzake kwa uzito unaoonekana. Kikonyo kinachobaki pale madini yalipoingilia hukatwa, na wakati wa kushindilia huelekezwa juu, katikati ya mdomo wa mtutu, ili uzito usiegemee upande. Tone moja la maji likianguka ndani ya chungu hugeuka mvuke papo hapo na kurusha madini ya moto usoni, na mivuke ya risasi ni sumu. Ndiyo maana kazi hii hufanywa nje, penye upepo, mikono ikiwa na glavu na mbali na watoto.

Mitutu ya Pennsylvania ilikuwa ya chuma laini, na ililika. Mdeki uliokwaruza upande mmoja wa mdomo, pigo kwa pigo, mwaka kwa mwaka, uliharibu pale pale ambapo risasi huaga bunduki. Fundi alipoletewa mtutu uliochoka hakuutupa. Alimimina risasi ndani yake kuzunguka fimbo, akapata nakala kamili ya mifereji, akapachika kisu kidogo kwenye nakala hiyo, na kwa kuivuta na kuisukuma akaichonga mifereji upya. Tundu lilitoka pana zaidi, kwa hiyo kalibu nayo ilitanuliwa au kutengenezwa mpya. Bunduki moja iliweza kuongezeka ukubwa mara kadhaa katika maisha ya mwenyewe, ikiwa na familia ya kalibu nyuma yake. Mwaka 1840 Alvan Clark wa Massachusetts, anayekumbukwa zaidi kwa lenzi za darubini za kutazamia nyota, alipata hataza ya mdomo wa bandia: kipande kilichokatwa kutoka kwenye mtutu huo huo, kikachongwa mifereji pamoja nao, na kupachikwa mbele wakati wa kushindilia tu. Risasi iliingia ikiwa imenyooka na mdomo halisi haukuguswa na mdeki kamwe. Ni uvumbuzi wa mtu aliyeelewa kuwa sentimita 2 za mwisho za mtutu ndizo zinazoamua kila kitu.

Majeshi hayakuwa na subira ya mwindaji. Askari wa miguu wa Uingereza alibeba bunduki yenye tundu la milimita 19 lisilo na mifereji, na risasi yake ilikuwa ya milimita 17.5 hivi. Nafasi hiyo kubwa iliachwa kwa makusudi, ili hata mtutu uliojaa masizi ushindiliwe mara 3 kwa dakika. Shabaha ilipotea kabla ya risasi kutoka, kwani iligonga huku na huku ndani ya mtutu na kufuata mwelekeo wa mgongano wa mwisho. Mwaka 1800 Uingereza ilichagua bunduki ya mifereji ya Ezekiel Baker, fundi wa London, kwa kikosi kipya cha walenga shabaha. Mtutu wake ulikuwa wa inchi 30, wenye mifereji 7 na tundu la karibu milimita 15.9. Risasi na kiraka viliingia kwa ubishi kiasi kwamba mwanzoni askari walipewa nyundo ndogo za mbao za kuvigongea mdomoni. Nyundo hizo ziliachwa baadaye. Maafisa walijua kinachokosekana: risasi inayoteleza kama ya askari wa kawaida na kushika kama ya mwindaji.

Wafaransa walilitafuta jibu chini ya mtutu. Mwaka 1826 Kapteni Henri-Gustave Delvigne aliweka chumba cha baruti chembamba kuliko tundu. Risasi iliteleza mpaka kwenye kingo za chumba, ikatulia hapo, na mdeki mzito ukaigonga mpaka ikatanuka na kujaza mifereji. Ilishika, lakini ilibonyea kama mkate, na risasi isiyo na umbo haina njia. Katika miaka ya 1840 Kanali Thouvenin aliweka nguzo ya chuma katikati ya chumba, risasi ikagongwa dhidi yake. Shabaha ilikuwa bora, lakini anayesafisha alipata mateso. Masizi yalijibana kati ya nguzo na ukuta, mahali pasipofikiwa na kitambaa, na nguzo yenyewe ilipinda au kuvunjika. Chombo kisichosafishika hakina maisha jeshini, na hiki hakikudumu.

Jibu lililobaki lilikuwa kuiachia baruti kazi ya kutanua. Mwaka 1823 afisa wa Uingereza, Kapteni John Norton, alitengeneza risasi ndefu yenye shimo nyuma. Husimuliwa kuwa aliona kusini mwa India mishale ya kupuliza iliyofungwa kitako laini kinachotanuka kwa pumzi na kuziba mwanzi. Wakubwa zake waliikataa. William Greener wa Newcastle alipendekeza katikati ya miaka ya 1830 risasi yenye kizibo kinachosukumwa ndani na moto, naye alikataliwa. Mwaka 1849 Claude-Étienne Minié wa Ufaransa akafanikiwa kwa risasi yenye umbo la pia mbele, mcheduara nyuma, na kikombe kidogo cha chuma ndani ya shimo la kitako. Moto ulikisukuma kikombe, kitako kikatanuka, mifereji ikajaa. Serikali ya Uingereza ilimlipa Minié pauni 20,000 kwa haki ya kuitumia, na Greener baada ya kulalamika miaka mingi akapewa pauni 1,000 mwaka 1857. Hesabu hiyo haikumtendea haki.

Kikombe kilikuwa na kasoro yake: mara nyingine kiliitoboa risasi na kuacha pete ya madini ndani ya mtutu. Bunduki ya Enfield ya 1853, yenye tundu la milimita 14.66 na mifereji 3, ilipewa risasi ya gramu 34 isiyo na kikombe, kipenyo chake milimita 14.43. Tofauti ya milimita 0.23 ilitosha kwenye kiwanja cha majaribio, mtutu ukiwa safi na hewa ikiwa ya Uingereza. Katika joto la India masizi yalikauka na kuwa magumu, mafuta ya katriji yakayeyuka na kupotea, na askari katikati ya vita wakakuta risasi haishuki. Mwaka 1859 kipenyo kilipunguzwa hadi milimita 13.97, na kizibo cha mbao, baadaye cha udongo wa kuchoma, kikawekwa nyuma kuhakikisha inatanuka. Milimita chini ya moja iliamua kama bunduki ni silaha au fimbo.

Mafuta hayo ya katriji yalibeba historia nzito zaidi. Risasi ya Enfield ilifungwa katika karatasi iliyopakwa mafuta ili ishuke na kulainisha masizi, na askari aliichana karatasi kwa meno. Mapema mwaka 1857, kwenye kituo cha Dum Dum karibu na Calcutta, uvumi ulienea kuwa mafuta hayo ni ya ng'ombe na ya nguruwe, ya kwanza yakiwa mwiko kwa Mhindu na ya pili haramu kwa Mwislamu. Mwezi Aprili, mjini Meerut, askari 85 wa kikosi cha farasi walikataa katriji na wakafungwa. Tarehe 10 Mei wenzao waliasi. Malalamiko ya Wahindi dhidi ya utawala wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki yalikuwa mengi na ya muda mrefu, na ni makosa kuyapunguza yote hadi kwenye karatasi moja. Hata hivyo cheche ilitoka hapo. Wakuu wa jeshi walilichukua suala la nini kinapakwa kwenye risasi kuwa la ghala tu, kumbe liligusa imani ya maelfu ya watu.

Nchini Marekani, James Burton wa kiwanda cha Harpers Ferry aligundua kuwa kikombe na kizibo havihitajiki kabisa ikiwa kuta za shimo zitakuwa nyembamba vya kutosha na madini yatakuwa laini. Risasi yake ya takriban gramu 32, yenye mifereji 3 nje iliyojazwa mafuta ya mnyama na nta, ilipitishwa mwaka 1855, na ndiyo iliyopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Masizi yalibaki tatizo, kwa hiyo Elijah Williams akatoa risasi ya kusafishia: kitako chake kilikuwa na sahani ya zinki iliyobapika kwa moto na kukwangua ukuta wa mtutu ikitoka. Risasi chache za aina hiyo ziliwekwa katika pakiti za 10. Kuhusu ushindiliaji wenyewe, uwanja wa Gettysburg uliacha ushahidi wa kuogofya. Baada ya mapigano ya Julai 1863 ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, na karibu 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa. Nusu ya hizo zilikuwa na mashindilio mawili, na moja ilikutwa na 23, moja juu ya jingine. Fataki ilikuwa imelia au haikulia, na katika kelele ile mwenye bunduki hakujua.

Joseph Whitworth wa Manchester alikwenda njia nyingine. Mtutu wake wa milimita 11.5 ulikuwa na pembe 6 badala ya mifereji, na risasi yake ilizungushwa mara moja kila inchi 20, wakati ile ya Enfield ilizungushwa mara moja kila inchi 78. Katika majaribio ya 1857, kwenye yadi 500, risasi za Whitworth zilitawanyika kwa wastani wa sentimita 11 hivi, za Enfield karibu sentimita 68. Jeshi halikuichukua: bei yake ilikuwa mara kadhaa ya Enfield, na tundu jembamba lilijaa masizi upesi. Lakini lilikuwa limethibitika jambo ambalo George Greenhill alilifanyia hesabu mwaka 1879, kwamba kadiri risasi inavyokuwa ndefu kulinganisha na unene wake, ndivyo inavyohitaji mzunguko wa haraka zaidi. Risasi ya mviringo inatosheka na mzunguko mmoja kila inchi 60 au zaidi, na ikizungushwa haraka mno kwa baruti nyingi huruka matuta bila kuyafuata. Risasi ndefu inataka kila inchi 30 au chini yake. Mitutu mingi yenye mzunguko mmoja kila inchi 48 iliyotengenezwa baadaye ni ya kupatanisha pande mbili, na kama maafikiano mengi, hairidhishi kikamilifu upande wowote.

Mwaka 1866 Uingereza ilianza kuzikata Enfield zake nyuma na kuzifanya za kupakiwa kwa nyuma, zenye kifuniko cha mvumbuzi Snider, na katika miaka michache kushindilia kwa mdomo kuliisha kwenye majeshi ya Ulaya. Bunduki zilizostaafu hazikuyeyushwa zote. Nyingi, pamoja na magobori mepesi ya biashara kutoka Birmingham na Liège, zilivuka bahari hadi Zanzibar na kuingia bara pamoja na misafara ya pembe. Huko risasi ya kusubu ilikuwa adimu. Wenye magobori walishindilia vipande vya chuma, misumari au vijiwe, na mtutu laini ulikwaruzwa ndani kila mlio. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 uliuweka mfereji wa mtutu kuwa mpaka wa sheria: kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, silaha za mifereji na za kisasa zilizuiwa, huku bunduki za gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida vikiruhusiwa chini ya masharti. Aliyeandika vifungu hivyo alijua kilichomo ndani ya mitutu: Mwafrika aliachiwa silaha ambayo risasi yake haifiki mbali wala haiendi ilikoelekezwa, wakati askari wa kikoloni alikuwa na ile inayofika.

Kuhusu utunzaji, majeshi ya kale yalifanya kosa la kupenda mng'aro. Askari wa Uingereza wa karne ya 18 alisugua mtutu kwa unga wa matofali mpaka uwe kama kioo, na mingi ililika nje hadi kupoteza unene. Kupaka rangi ya kahawia, ambayo kwa kweli ni kutu iliyosimamiwa na kuzuiwa, kuliondoa haja hiyo. Ndani ya mtutu dawa ni maji. Chumvi za baruti huyeyuka kwenye maji na haziyeyuki kwenye mafuta, na fataki za zamani zenye klorati ziliacha chumvi jamaa ya ile ya mezani. Anayepaka mafuta juu ya masizi bila kuosha anaifunga kutu ndani pamoja na chakula chake. Ndivyo mitutu mingi mizuri ilivyokufa, ikiwa inang'aa kwa nje.

Bunduki hizi zilipata maisha ya pili kama mchezo wa shabaha. Chama cha taifa cha wapigaji wake nchini Marekani kilianzishwa mwaka 1933 na hukutana Friendship, Indiana; mashindano ya dunia yalianza Vaudreuil, Ufaransa, mwaka 1971. Maarifa ya wazee yalirudi pamoja nao: kuchagua risasi kwa mzunguko wa mtutu, kufuta kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kila pigo au machache, kuepuka mafuta ya petroli yanayogeuza masizi kuwa kama lami, na kurudi kwenye nta na shahamu. Mdeki hutiwa alama mbili, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu ulioshindiliwa, ili ijulikane kilichomo na kuhakikisha risasi imekaa juu ya baruti bila nafasi. Nafasi ikibaki, mtutu huweza kuvimba kama pete au kupasuka.

Jioni, baada ya kuhakikisha mtutu ni mtupu, chuchu ya fataki huzamishwa kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na kitambaa au katani kwenye mdeki hupandishwa na kushushwa. Maji hunyonywa kupitia tundu dogo na kutolewa, meusi kama wino, kisha ya kijivu, kisha safi. Hufuata vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kama kilivyoingia, na mwisho mafuta mepesi. Kesho yake kitambaa cheupe hupitishwa tena. Kikitoka na doa la kahawia, kazi inaanza upya.